Nyangumi Mwenye Nishani

Mtu akivaa nishani isiyo yake, hata mwendo wake huwa si wake. Hayo ndiyo aliyoamini Sajenti Ifor Prosser, na kila asubuhi alipata nafasi ya kuyathibitisha, maana kila asubuhi Kapteni Aubrey Tregenza alipita gatini kuiendea ndege yake, koti limepigwa pasi, utepe wa nishani umekaa juu ya mfuko wa kushoto. Ifor akimwona alitema mate. Hakutema karibu, jeshi ni jeshi, lakini alitema.

Ndege yenyewe ilikuwa ya kutua majini, jitu jeupe la injini nne, limefungwa kwenye boya ndani ya ghuba moja ya magharibi ya Wales. Watu kumi na mmoja walipanda humo alfajiri na kukaa angani saa kumi na tatu, wakiipekua bahari kutafuta nyambizi za Wajerumani zilizokuwa zikizizamisha meli za chakula. Kazi ilikuwa kutazama maji. Unatazama maji, unakunywa chai, mwenzako anakaanga nyama ya nguruwe kwenye jiko dogo kule chini, unatazama maji tena. Tregenza alikuwa rubani na mkuu wao, Ifor alikaa kwenye redio. Miezi ishirini walisafiri pamoja, na Ifor akajua namna mkuu wake anavyokohoa akiwa na wasiwasi na vijiko vingapi vya sukari anatia kwenye chai, lakini alikotoka hakukujua, wala hakuuliza. Alimsikia anavyoongea, kwa ulimi uliosuguliwa shuleni, akakata shauri kwamba huyu ni mtoto wa kishua, wa hao wanaovuliwa viatu na watumishi. Baba yake Ifor alikufa kwa vumbi la mgodi wa makaa ya mawe, na mtoto wa baba wa namna hiyo hampendi mtoto wa kishua hata akipewa amri.

Tuseme haki. Oktoba ya mwaka wa arobaini na mbili, Tregenza alitua katikati ya bahari iliyochafuka, jambo ambalo rubani mwenye akili zake halifanyi, akaokota mabaharia tisa waliokuwa wakielea kwenye mashua ya mpira. Ifor mwenyewe aliwavuta kwa mikono yake, na mmoja alimtapikia mafuta shingoni. Wakubwa hawakumpa Tregenza nishani kwa hilo. Walimpa karipio, ati ndege ya serikali si teksi. Haya, lakini Ifor hilo hakulitia kwenye mizani. Mwenye kudharau huchagua cha kukumbuka.

Alichokumbuka ni cha Februari, mwaka wa arobaini na tatu. Kulikuwa na mvua nyepesi, kumepambazuka nusu, na Tregenza aliona mgongo mweusi ukikata maji, povu jeupe nyuma yake. Hakungoja. Kanuni ilisema usingoje, kwa kuwa nyambizi huzama nusu dakika baada ya kukuona. Alimwamuru Ifor apige ujumbe kwamba wanashambulia nyambizi, na Ifor akaupiga kwa kidole chake hiki hiki cha shahada. Ndege ikashuka, mabomu manne yakaanguka, bahari ikafumuka. Walipozunguka kutazama, juu ya maji kulikuwa na mafuta yameenea eneo zima, na kamera ikayapiga picha.

Gadd, mpiga bunduki wa mkiani, ndiye aliyeona vizuri, kwa sababu wa mkiani huona kila kitu kikiwa kimeshapita. Aliona damu. Aliona pande la nyama jeupe, kubwa kama meza ya bwaloni, likipinduka na kuzama. Alisema kwa simu ya ndani, polepole, kwamba jamani, tumeua nyangumi. Kisha Tregenza akakohoa, akasema warudi kwenye doria.

Makosa ya namna hiyo yalikuwepo. Kila kikosi cha pwani kilikuwa na nyangumi wake, na kwa kawaida ilikuwa kicheko cha siku mbili halafu basi. Ila safari hii zile picha zilikwenda London, zikawekwa mbele ya kamati ya mabwana ambao bahari waliiona likizo, wakiwa na watoto wao na ndoo za mchanga. Mabwana wakayatazama mafuta ya nyangumi, wakayaita mafuta ya injini. Wakapiga muhuri: nyambizi moja, imezamishwa. Majira hayo meli zilikuwa zikizama kila wiki na mikate imepungua madukani, magazeti yakitafuta shujaa kwa udi na uvumba. Yakampata. Picha ya Tregenza ilitoka ukurasa wa kwanza, na mwezi uliofuata akabandikwa nishani.

Ifor alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni utepe ule uvuliwe. Hakutaka cheo chake wala kumwona kizuizini. Alitaka yule mtu asimame mbele ya kikosi aseme, nilimuua mnyama. Maana ule ujumbe wa uongo ulitoka kwenye kidole cha Ifor, na kila alipouona utepe, kidole kilimuwasha. Siku moja alimkuta gatini peke yake, akamwambia bila kuzunguka.

"Afande, ile damu Gadd aliiona."

"Na mimi niliiona, Prosser."

"Basi ivue hiyo."

Tregenza aliitazama mashua iliyokuwa ikimngoja chini ya gati. "Si jambo jepesi kama unavyodhani," akasema, akashuka humo kupelekwa ndegeni.

Si jambo jepesi! Ifor aliyabeba maneno hayo mpaka kantini ya masajenti, akayarudia kwa sauti ya kubana pua, na watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Kuvua pini mbili, jambo zito. Kumbe wanasukuma kilo elfu za mabomu lakini pini mbili zinawashinda. Hapo hapo akachukua penseli. Ifor alikuwa na mkono wa kuchora, na laiti asingekuwa nao. Alichora nyangumi mnene, kofia ya rubani imeinamia jicho moja, midomo imebenuliwa kwa maringo, na kifuani nishani yenye utepe wa mistari. Aliibandika ukutani juu ya birika la chai, mahali ambapo mtu hawezi kujaza kikombe asiione.

Kufikia Jumapili kikosi kizima kilikuwa kimekuja kunywa chai. Wakaanza mchezo mwingine: Tregenza akipita, mtu mmoja nyuma yake anavuta pumzi na kuitoa kwa kishindo, pfuuu, kama nyangumi anapopumua. Mafundi walifanya hivyo, wapishi nao, na hata maofisa wenzake bwaloni, watu waliokula naye meza moja, walipuliza huku wameficha nyuso nyuma ya magazeti yale yale yaliyomwita shujaa. Wanafiki wakubwa. Asubuhi saluti, jioni pfuuu.

Baada ya wiki mbili mchoro ukatoweka ukutani. Ifor alidhani mkuu ameuchana kwa hasira, akafurahi kwamba mshale umefika. Akachora mwingine kwa chaki, ndani ya ndege, karibu na kiti chake cha redio, pale ambapo rubani hupita akienda mbele. Tregenza aliupita kila safari. Hakuamuru ufutwe wala hakumwita mtu ofisini. Ifor akawaambia wenzake kwamba mtu akishakosa haya, hata umchoree nini ni kumpigia mbuzi gitaa.

Ila urushaji wake ulibadilika, na hilo wote waliliona. Kanuni ni ile ile, ona, piga. Tregenza akawa anaona, anashuka, anazunguka, anatazama, anashuka tena. Mara ya kwanza lilikuwa gogo. Mara ya pili pomboo. Mara ya tatu ilikuwa mashua iliyopinduka, na aliizunguka mara tatu mpaka akasoma jina lake ubavuni. Gadd akasema kwenye simu ya ndani kwamba siku tukiiona nyambizi ya kweli, kapteni ataiomba kwanza cheti cha kuzaliwa. Walicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Ifor. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini rubani mzuri anajifunza kuwa mbaya.

Juni, sikio la kushoto la Ifor likavimba, likatoa usaha. Daktari akamkataza kuruka, akamweka chumba cha mawasiliano kituoni, asikilize redio kwa sikio zima. Kiti chake ndegeni akakikalia Beynon, kijana aliyetoka bonde lile lile la migodi alikotoka Ifor, aliyekuwa na mkono mwepesi wa kupiga ujumbe. Kabla hawajaondoka, Ifor alimwambia amsalimie nyangumi. Beynon akapuliza pfuuu, akaenda zake.

Saa nne asubuhi ujumbe ukaingia. Ifor aliuandika herufi kwa herufi, akiutambua mkono wa Beynon kama mtu anavyotambua hatua za ndugu yake mlangoni. Ulitoa mahali walipo, kusini kabisa, karibu na pwani ya Ufaransa, kisha ukasema: Naona kitu juu ya maji. Nashuka kuhakikisha.

Nashuka kuhakikisha! Katika kikosi kile hakuna aliyewahi kupiga ujumbe wa namna hiyo. Watu hupiga "nashambulia", halafu hushambulia. Ofisa wa zamu alikuja kusoma juu ya bega la Ifor, akacheka puani, akasema naona Tregenza amepata nyangumi mwingine. Ifor naye akacheka. Wakangoja. Mfanyakazi akaleta chai. Zikapita dakika kumi na moja, na saa ya ukutani iko pale pale ikihesabu, hakuna aliyeweza baadaye kusema hakuiona.

Ujumbe wa pili ulikuja kwa haraka, herufi zikigongana. Ni yenyewe. Inatupiga. Injini mbili. Halafu mkono wa Beynon ukabaki umekandamiza swichi, mlio mmoja mrefu usiokatika, na Ifor akausikiliza mpaka ulipokwisha wenyewe.

Mwaka ule nyambizi zilikuwa zimeacha kuzama zikiona ndege. Zilibaki juu na mizinga yao, zikingoja ndege ijilete. Ndege iliyoshuka moja kwa moja ilikuwa na nafasi yake. Ndege nyeupe kubwa kama kanisa, inayozunguka chini polepole ikitaka kuhakikisha, ilikuwa shabaha ya kujifunzia. Ndege tatu zilitumwa kutafuta, zikatafuta siku mbili. Ziliona maji.

Jeshi lina desturi yake kwa wafu wasiorudi. Kabla sanduku la marehemu halijapelekwa kwao, watu wawili hukaa na kuvipekua vitu vyake kimoja kimoja, na chochote kinachoweza kumwaibisha marehemu au kuwasikitisha wazazi hutiwa motoni. Barua za mwanamke asiyehusika, picha, karata, madeni. Mama hupelekewa mtoto msafi. Kazi hiyo ya Tregenza alipewa ofisa utawala, Kapteni Stukeley, mtu mwenye kucha safi aliyepigana vita vyote kwa kalamu, na msaidizi wake akawa Ifor, kwa sababu ndiye pekee wa ndege ile aliyebaki juu ya ardhi.

Hakukuwa na cha aibu. Soksi zilizoshonwa, kitabu cha nyimbo za kanisa, sabuni nusu, nishani ndani ya kisanduku chake. Ifor alishangaa kuona vitu ni vichache namna ile, na vya bei rahisi. Kisha Stukeley akafungua daftari la safari za ndege, na karatasi mbili zikadondoka mezani.

Ya kwanza ilikuwa barua, nakala ya ile aliyomwandikia mkuu wa kikosi, na tarehe yake ilitangulia siku ile ya gatini kwa wiki nzima. Tregenza alieleza kwamba alichokishambulia Februari alikuwa nyangumi, kwamba wafanyakazi wake hawana kosa, na kwamba anaomba kuirudisha nishani na jambo litangazwe mbele ya kikosi. Pembeni, kwa penseli nyekundu, mkuu alikuwa amejibu: Haiwezekani. Magazeti yameshachapa. Utaivaa, na ni amri.

Ifor aliisoma mara mbili. Stukeley aliichukua barua mkononi mwake kwa ncha za vidole, akaitia ndani ya jiko lililokuwa likiwaka, akasema vitu kama hivi vinawasumbua tu wazazi. Karatasi ikajikunja ikawaka. Hivyo ndivyo ukweli wa Aubrey Tregenza ulivyokwisha, kwa mkono wa karani mwenye kucha safi, kwa muda wa kuwasha sigara.

Karatasi ya pili ilikuwa mchoro wa kantini. Haukuchanwa. Ulikuwa umekunjwa mara nne, kingo zimelainika kwa kukunjuliwa na kukunjwa tena na tena. Stukeley akaunyoshea mkono nao uende motoni, na Ifor akasema huu ni wake.

"Unamwaibisha marehemu," Stukeley akasema.

"Haumwaibishi yeye, afande."

Stukeley alikuwa na masanduku mengine sita ya kupekua kabla ya chakula cha mchana, akanyanyua mabega. Alipotoka kwenda kutafuta kamba, Ifor akautandaza mchoro, akaandika chini yake jina lake kamili, Ifor Prosser, sajenti, akauchomeka ndani ya kitabu cha nyimbo na kufunga sanduku. Akatoka humo kifua mbele. Alijiona ameungama. Ungamo gani hilo, nakuuliza? Hakuandika sababu, hakuomba radhi, hakusema hata neno moja. Alimtumia mama mfiwa katuni ya kumdhihaki mwanawe, akamwachia yeye akazane kuifasiri, na kwa hilo akalala usingizi. Watu wengine hata toba yao ni uvivu.

Agosti ikaja barua kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwandiko mkubwa ulionyooka. Bibi Loveday Tregenza alimshukuru kwa mchoro, akasema ameutia kwenye fremu, na kama Sajenti Prosser ana likizo, angefurahi kumpa chai na kumsikia akimzungumzia Aubrey. Ifor aliisoma barua ile akijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Vibaya, kwa sababu mama huyu amefikiri mchoro ni wa mapenzi. Vizuri, kwa sababu akifikiri hivyo, si rahisi zaidi? Njia nzima, ndani ya treni na kisha ndani ya basi, alipanga maneno. Angesema yule nyangumi alikuwa bahati ya kikosi, walimpenda wote. Angekula keki, angeondoka. Kuwasikitisha wazazi si vizuri, hata jeshi linasema hivyo.

Aliposhuka, alitafuta nyumba kubwa. Aliangaza macho akitafuta lango na njia ya kokoto. Aliyemuuliza alimwonyesha safu ya nyumba za mawe zilizobanana chini ya bomba la moshi la mgodi wa bati uliofungwa, mlango wa nne. Ifor alisimama pale njiani. Ilikuwa kama nyumba ya kwao Wales. Kizingiti kile kile cha chini cha kumgonga mtu kichwa, pazia lile lile la kushonwa nyumbani, na kanisa dogo la vibarua ng'ambo ya barabara, sawasawa na lile alimobatizwa yeye. Alikuwa amemtemea mate mtoto wa kishua miezi minne, kumbe hakukuwa na mtoto wa kishua.

Bibi Tregenza alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mikubwa, nguo nyeusi iliyopauka kwenye viwiko. Alimkaribisha kwa adabu, akamkalisha kiti kinachotazama ukuta, akamimina chai. Alikata keki ya zafarani, na Ifor aliona kabisa kwamba ni sukari ya mwezi mzima iliyomo. Aliongea yeye. Alisema mume wake alifia mgodini Aubrey akiwa na miaka saba, na kwamba mwalimu mmoja alimpigania mtoto apate nafasi ya bure katika shule ya mbali, ambako walimcheka kwa lafudhi yake mpaka akaiacha. Alisema Aubrey alikuwa hivyo tangu zamani. Ukimcheka, hajibu, anajirekebisha.

Ukutani, mbele ya macho ya Ifor, nyangumi alikuwa ndani ya fremu nzuri ya mti mweusi, kofia imeinama, midomo imebenuka. Chini yake, kwenye msumari, ilining'inia nishani yenyewe. Jina Ifor Prosser lilisomeka kutoka kwenye kiti.

Ifor akaweka kikombe, akaanza maneno yake ya kwenye treni. Alisema nyangumi yule alikuwa kama alama ya bahati, mama, alama ya kikosi, vijana walimpenda sana. Aliyasema mpaka mwisho. Bibi Tregenza alimsikiliza bila kumkatiza, mikono mapajani, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza sahani ilivyovunjika yenyewe.

Kisha akainuka, akafungua droo ya meza, akatoa barua. Hakumpa aisome. Alivaa miwani, akaisoma yeye.

"Mama, nimejaribu kuirudisha, wamekataa. Wote hapa wananipigia saluti na kucheka nikipita. Mmoja tu ndiye aliyenijia usoni akaniambia niivue, anaitwa Prosser, na kwa hilo namheshimu, ingawa ndiye aliyechora. Mchoro nimeuchukua, nautazama kabla ya kila safari. Siku hizi kila kitu nakiangalia mara mbili, mama, ili Prosser asipate mwingine wa kuchora."

Akavua miwani, akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile.

"Iliandikwa Jumatatu," akasema. "Walianguka Jumatano."

Ifor alisema, mama, mimi. Akasema tena, mama.

"Usiniite mama. Mimi nilikuwa na mwana mmoja." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ulipoandika jina lako pale chini nilidhani una kitu cha kusema. Nikasema nitamwita, nimkalishe kwenye kile kiti, nimpe keki, nimsikie. Nawe umesafiri siku nzima kuja kuniambia alama ya bahati."

Ifor alitaka kusema juu ya ile barua ya kwa mkuu, jinsi ilivyochomwa, jinsi Stukeley alivyoitia motoni, jinsi yeye mwenyewe hakujua. Akagundua kwamba kila neno alilokuwa nalo lilikuwa la kujitetea. Kila mtu aliyekuwa na kosa katika jambo hili alikuwa na mtu mwingine wa kumnyoshea kidole, na yeye vilevile. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hata hiyo pole alikuwa amekuja kuiomba kwa mlango wa nyuma.

"Niuteremshe?" akauliza, akimaanisha ule mchoro.

"Uteremshe uende nao wapi? Ukauchome?" Bibi Tregenza akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyotazama kitu kilicholetwa na paka. "Utakaa hapo. Kila anayekuja kuniambia mwanangu alikuwa shujaa, namkalisha ulipokaa wewe, namwambia, huyo ndiye aliyeuawa na mwanangu, na huyo hapo chini, soma jina, ndiye aliyemuua mwanangu. Majirani wote wameshalisoma. Mchungaji amelisoma. Alikuwa amebaki mwenye jina mwenyewe."

Akaichukua sahani ya Ifor, keki haijaguswa, akairudisha kabatini na kulifunga.

"Kunywa chai yako, inapoa," akasema. "Basi la saa kumi halimngoji mtu."

Ifor akainywa, yote, kwa sababu aliambiwa ainywe.